Duka Lisiloibiwa

Palikuwa na nchi, na ukiitafuta kwenye ramani usiipate, usimlaumu mwalimu wako wa jiografia: ramani yenyewe iliibwa dukani kabla haijafika shuleni. Nchi hiyo iliitwa Komeo. Ilikuwa na bendera, wimbo wa taifa wenye beti kumi na moja, na maduka mengi kuliko wanunuzi. Na katika maduka hayo watu waliiba kwa bidii ambayo, lau ingehamishiwa mashambani, ingelisha bara zima na chakula kingebaki.

Serikali ya Komeo haikukaa kimya. Kwa kweli serikali ile haikujua kukaa kimya. Kwanza ilitoa Amri ya Mizigo: kila mnunuzi aache kikapu chake mlangoni na kupewa kibao chenye namba. Wizi haukupungua, isipokuwa vibao vilianza kuibwa pia. Ikaja Amri ya Makoti. Ikaja Amri ya Viatu, kwa sababu ya mama mmoja aliyetoka dukani na kilo mbili za mchele ndani ya mabuti. Mwisho ikaja Amri ya Mifuko, iliyoagiza kwamba mifuko yote ya suruali, mashati na magauni ishonwe kwa uzi wa serikali, na mnunuzi atembee dukani mikono juu, akionyesha anachotaka kwa kidevu. Waliosamehewa amri hizo ni wakaguzi wa serikali tu, kwa kuwa mtu hawezi kukagua vizuri mikono ikiwa hewani.

Basi wananchi wakaingia madukani pekupeku, mikono juu, kama wanafunzi walioadhibiwa bweni zima kwa kosa la mmoja, wakinyoosha videvu kuelekea unga wa ngano. Na bado sabuni zikatoweka. Zilitoweka kwa njia gani, heshima inatukataza kukisia.

Ndipo Waziri wa Kufuli na Rafu alipopanda jukwaani, akajipangusa jasho kwa leso tatu, akasema:

"Ndugu wananchi! Tumepigana na mwizi miaka saba, na miaka yote saba ametushinda. Sasa nawauliza, mwizi ni nani? Mwizi ni mnunuzi asiyedanganywa na matangazo! Mtu anayehatarisha mbavu zake kwa ajili ya kopo la maziwa, huyo ndiye anayejua thamani ya maziwa. Kitu kisichoibwa ni kitu kisichotakiwa. Kuanzia leo, katika Komeo, wizi ni cheti cha ubora!"

Makofi yalidumu muda mrefu hata vipaza sauti viwili vikaibwa.

Hivyo zikaanza Nyota za Wizi. Duka likithibitika kuibiwa, lilitundikiwa nyota ya shaba juu ya mlango. Nyota tatu, serikali ilikupa kioo cha kuchungulia kona. Nyota tano, ilikupa askari wa kusimama mlangoni na kugonga muhuri risiti za watu. Wananchi nao, ambao si wajinga, wakaacha kabisa kununua kwenye maduka yasiyo na nyota. Nani anunue sukari iliyodharauliwa na wezi?

Halafu likatoka tangazo moja dogo, la mistari miwili, bila hotuba. Duka lolote litakalofika Sikukuu ya Makufuli bila hata nyota moja litafungwa kwa lakiri, kwa kosa la kuchafua soko kwa bidhaa zisizotamanika.

Sikukuu ilikuwa Jumamosi. Na leo, siku hadithi yetu inapoamka na kunawa uso, ilikuwa Jumatatu.

*

Katika Mtaa wa Kitasa alikaa Bwana Mashombo, nyuma ya wavu wa duka lake, kidevu mkononi, akitazama ng'ambo ya barabara.

Duka lake lilikuwa na nondo, wavu, minyororo, mbwa mmoja aliyekonda, na bango lililosema MUNGU ANAKUONA NA MIMI PIA. Kwa miaka kumi na minane halikupoteza hata njiti ya kiberiti. Juu ya mlango wake hapakuwa na nyota. Palikuwa na kiota cha shomoro.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka la Bi Zawena. Bi Zawena alikuwa na nyota saba, zilizopangwa kwa upinde kama meno ya mtu anayecheka. Na jua la saa tatu lilipozigonga, nuru yake iliruka barabara, ikapenya wavu, ikamchoma Bwana Mashombo jicho la kushoto. Angeweza kuhamisha kiti. Hakuhamisha. Mwenye wivu hapendi kukosa kuona.

Kilichomuumiza zaidi hata kuliko nyota kilikuwa kilio. Kila alipoibiwa, Bi Zawena alitoka barazani, akaweka mikono kichwani, kanga ikamteleza bega moja tu, kwa kipimo, naye akaachia sauti:

"Jamaniii! Wameniibia tenaaa! Nimewakosea nini mieee!"

Sauti ile ilianzia chini kama mtungi unaojazwa, ikapanda, ikatetemeka mahali panapofaa, ikashuka taratibu. Watu walikuja kutoka mitaa mitatu kumpa pole. Na kwa kuwa walikuwa wameshafika, walinunua.

"Sikiliza," Bwana Mashombo alimwambia mkewe asubuhi ile. "Sikiliza anavyojidai."

"Anajidai nini, Baba Doto? Ameibiwa."

"Ndiyo hivyo! Mara ya saba! Mimi nina kasoro gani? Sukari yake na sukari yangu si zimetoka gunia moja? Sabuni yake ina nini ambacho yangu haina?"

"Ina wezi," alisema Mama Doto, akiendelea kuchambua mchele.

Bwana Mashombo aliingia stoo, akafunga mlango, akaweka mikono kichwani na kujaribu. Alijaribu kila siku. Siku yake itakapofika, hakutaka kuaibika kwa kulia vibaya.

"Nimeibiwaaa..."

"Baba Doto!" Mama Doto aliita kutoka nje. "Ni wewe, au kuna mbuzi amekanyagwa?"

Alitoka akiwa amenuna. "Cheka tu. Duka hili ni duka la heshima. Hata mwaka jana, Mkaguzi Mkuu mwenyewe aliposahau kopo la siagi ndani ya koti lake, nani alimkumbusha? Nilimfuata hadi kwenye gari, mbele za watu, nikamwambia kwa adabu, 'Mheshimiwa, siagi.' Akairudisha."

"Nakumbuka," alisema Mama Doto. "Nakumbuka na alivyokutazama."

*

Jumanne Bwana Mashombo alifungua minyororo yote, akaondoa wavu na bango, akampeleka mbwa kwa shemeji yake. Kisha akapanga sabuni, majani ya chai na makopo ya samaki barazani, akajificha nyuma ya pazia, akangoja kuibiwa.

Watu wa Komeo wanaijua serikali yao. Mtu akiona kopo la samaki limekaa peke yake barazani, bila mnyororo, anajua kuna polisi ndani ya kopo. Wapita njia walivuka barabara ili wasilikaribie. Alasiri bibi mmoja mwenye huruma alikusanya vitu vyote kwenye upande wa kanga yake, akaviingiza ndani na kuvipanga upya, vizuri kuliko vilivyokuwa.

"Umri huo, mwanangu," alimwambia Bwana Mashombo. "Unasahau sahau. Kunywa maji ya mlonge."

Jumatano alikwenda kumtafuta Chepe.

Chepe alikuwa mwizi bingwa wa mtaa, mtu mzima, mpole, mwenye vidole virefu na kadi ya chama. Alikuwa akinywa kahawa kwenye benchi la kinyozi. Bwana Mashombo akaketi kando yake, akakohoa, akaanza kwa mbali, kama mtu anayekwenda kuposa.

"Bwana Chepe. Habari za kazi?"

"Salama, mzee. Tunahangaika."

"Nimekuja... yaani, duka langu ulijue ni lako. Karibu wakati wowote. Nimetoa wavu, nimetoa minyororo. Mbwa sipo naye."

Chepe aliweka kikombe chini. "Mzee, unaniomba nije kukuibia?"

"Kidogo tu. Hata sabuni."

Chepe hakuwa mtu wa kuvunja mtu moyo kabla ya kuona mali. Alifuatana naye hadi dukani, akapita mbele ya rafu mikono ikiwa nyuma, kama daktari wodini. Alinyanyua pakiti ya biskuti, akaigeuza, akaipuliza vumbi, akasoma tarehe, akairudisha polepole.

"Biskuti hizi ni rika moja na mimi," alisema.

"Chukua basi kiberiti."

"Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini mimi nina jina. Nikionekana natoka humu, wenzangu watasemaje? Kwamba Chepe amechoka? Kwamba Chepe siku hizi anaokota?"

Bwana Mashombo alihisi damu ikimpanda masikioni. "Lakini kwa Bi Zawena unaiba! Kila wiki unaiba! Kwake huoni aibu!"

"Mimi?" Chepe alishangaa kweli. "Kwa Bi Zawena sijaiba tangu mwaka juzi. Utaibaje pale? Duka limejaa wakaguzi kila siku. Sisi watu wadogo hatupati hata pa kupenyeza mkono."

Mtu mwingine angeyatafuna maneno hayo kabla ya kuyameza. Lakini masikio ya mwenye wivu yana mlango mmoja tu, na Bwana Mashombo alisikia neno moja: *limejaa*. Duka la Bi Zawena limejaa. Hakulala vizuri usiku huo.

*

Alhamisi alijiibia mwenyewe. Alichukua sabuni nne kutoka rafuni, akazitia chini ya kitanda, akakimbia hadi Ofisi ya Uthibitisho wa Wizi, akafika akihema kama mtu aliyeibiwa kweli.

Karani alikuwa akikata kucha. Bila kuinua uso alimsukumia fomu.

"Jaza. Saini hapa ni yako, hapa ya mashahidi wawili, hapa ya mwizi."

"Ya mwizi?"

"Unataka tutoe nyota kwa maneno matupu? Watu wangedanganya. Mwizi asaini, na pale chini aandike maoni yake kuhusu huduma aliyoipata."

Bwana Mashombo alitazama huku na huku, akainama dirishani, akanong'ona. "Mwizi ni mimi."

Karani aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Umejiibia mwenyewe?"

"Sabuni nne."

"Huko si kuibiwa, mzee. Huko ni kula mtaji. Ghorofa ya tatu, mlango wa mwisho, na siku yao ni Jumatatu." Akarudi kwenye kucha.

Alirudi nyumbani na fomu tupu, akaitundika ukutani kwa msumari. Mama Doto aliisoma yote, kisha akazitoa sabuni chini ya kitanda.

"Kesho ni ukaguzi wa mwisho," alisema, na safari hii hakutania. "Keshokutwa wanafunga. Baba Doto, tutakwenda wapi?"

Bwana Mashombo alikuwa ng'ambo ya barabara, kwa macho. "Anapaka nyota rangi," alisema. "Nyota nzima zinang'aa, yeye anazipaka rangi!"

*

Ijumaa saa nne asubuhi Mkaguzi Mkuu Pakacha aliteremka kwenye gari lake, na nyuma yake wasaidizi sita, wote wamevaa makoti marefu, ingawa jua lilikuwa kali na kuku walikuwa wamejilaza kivulini, midomo wazi.

Wakaingia kwa Bi Zawena.

Kwa kuwa jicho lake la kushoto lilikwishazoea kuchomwa, Bwana Mashombo aliona vizuri sana. Aliwaona wasaidizi sita wembamba wakiingia, na wasaidizi sita wanene wakitoka. Katibu aliyeingia na tumbo bapa alitoka kama mwenye mimba ya miezi minane, na mimba ile iligongana kama makopo. Mmoja alikuwa na miguu ya mstatili. Na Mkaguzi Mkuu alitembea kwa uangalifu, mikono tumboni, huku harufu nzuri ya bizari ikimtangulia.

Bi Zawena akatoka barazani, mikono kichwani, kanga begani.

"Jamaniii! Wameniibia tenaaa!"

"Pole sana, mama," alisema Mkaguzi Mkuu, akitoa fomu. Msaidizi mmoja akasaini kama mwizi, wawili kama mashahidi, na katibu akatundika nyota ya nane.

Bwana Mashombo alielewa. Alielewa yote kwa pamoja: wakaguzi waliojaa, nyota zilizozaliana, na wizi uliomshinda Chepe. Mwananchi mwema, akigundua jambo kama hilo, angepiga kelele ya mwizi. Bwana Mashombo naye alipiga kelele. Alivuka barabara mbio, kandambili moja ikabaki njiani, akasimama mbele ya Mkaguzi Mkuu, machozi yakimlenga.

"Kwa nini kwake tu?" alilia. "Kwa nini kwake tu, Mheshimiwa? Mimi si raia? Mimi silipi kodi?"

Wasaidizi walitazamana. Mkaguzi Mkuu alimkagua polepole, toka kichwani hadi kwenye mguu usio na kandambili.

"Wewe," alisema, "si wewe wa siagi?"

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Ulinikumbusha."

"Nilikosea, Mheshimiwa!"

"Mbele za watu. Hadi kwenye gari. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mwenye msimamo, tusimsumbue."

"Sina msimamo!" alisema Bwana Mashombo, akimshika mkono. "Nilikuwa nao, umeisha! Mheshimiwa, tafadhali. Siagi iko palepale. Ni ileile."

Mkaguzi Mkuu alikuwa na moyo wa huruma, na makoti yalikuwa na nafasi kidogo bado. "Vijana," alisema, "tusiwe na ubaguzi."

Wakaingia. Na hapo mtaa uliona jambo ambalo haukuwahi kuliona: mwenye duka akiwashikia wezi mlango. Bwana Mashombo alipanda ngazi kuwashushia vya juu. Aliwafungulia makabati. "Umesahau hii, bwana mkubwa," alisema, akimtilia mtu majani ya chai kwenye kola. Makoti yalipojaa wakaleta gari kinyumenyume. Walichukua sukari, chumvi, biskuti za rika la Chepe, mizani, rafu, wavu na kiti. Walichukua pazia. Mmoja alirudi kuchukua msumari uliokuwa umeshika fomu, akaiacha fomu ipeperuke hadi kizingitini.

Mama Doto alisimama katikati ya chumba kitupu, na sauti yake ikarudi mara mbili alipouliza, "Baba Doto, tutauza nini?"

Lakini mumewe alikuwa nje, shingo imepinda, akihesabu. Nyota kumi. Katibu alikuwa ametundika nyota kumi kwa mkupuo mmoja, rekodi ya taifa, na kiota cha shomoro kikahamishwa kupisha ya mwisho. Pamoja nazo waliletwa askari wanne wa kulinda duka.

Alijaribu kulia kama desturi inavyotaka, lakini kwa furaha ikatoka sauti ya mbuzi yuleyule. Hakujali. Ng'ambo ya barabara Bi Zawena alikuwa amesimama chini ya nyota zake nane, rangi mbichi vidoleni, na hakuwa akicheka.

"Hongera, jirani," alisema, kwa sauti nyembamba kama uzi wa serikali.

Bwana Mashombo alilala sakafuni, kwa kuwa kiti kilichukuliwa na kitanda kikafuata dakika za mwisho. Alilala kama mtoto.

*

Jumamosi, Sikukuu ya Makufuli, mtaa ulipambwa minyororo ya karatasi. Saa tano unusu bwana wa lakiri alianza kupita, akifunga maduka yasiyo na nyota. Bwana Mashombo alikuwa ndani akijipaka mafuta nywele, tayari kutoka na kupigwa picha. Askari wake wanne walikuwa wamesimama imara. Amri yao ilisema walinde mali iliyomo dukani. Kwa hiyo walisimama mlangoni wakitazama ndani, migongo yao barabarani, macho manane yakiulinda ukuta mtupu.

Alipotoka, umati ulikuwapo, lakini haukupiga makofi. Ulikuwa ukitazama juu ya mlango wake.

Hapakuwa na nyota hata moja. Shomoro alikuwa amerudi na majani mdomoni.

Kizingitini palikuwa na fomu, ileile iliyokuwa ukutani, imejazwa kwa mwandiko safi. Mahali pa saini ya mwizi palisainiwa vizuri kabisa. Na pale chini, penye maoni kuhusu huduma, paliandikwa: *Hongera, mzee. Hatimaye umekuwa na kitu. Wako, Chepe.*

Bwana wa lakiri alifika, akaisoma, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kiofisi. "Fomu nzuri. Mashahidi wawili wako wapi?"

Bwana Mashombo aliwageukia askari.

"Sisi hatukuona kitu, afande," walisema kwa pamoja, na ilikuwa kweli. "Tulikuwa kazini."

Basi nta ikayeyushwa, lakiri ikagongwa, na mlango wa duka la miaka kumi na minane ukafungwa, mbele ya mwenyewe, mchana kweupe. Mama Doto aliketi barazani na furushi lake moja. Bwana Mashombo alitazama lakiri. Alitazama kiota. Kisha mikono yake ikapanda yenyewe hadi kichwani, bila yeye kuituma.

"Jamaniii," alisema. "Nimeibiwaaa."

Ilianzia chini kama mtungi unaojazwa. Ikapanda. Ikatetemeka mahali panapofaa, na mahali pengine ambapo hakuna aliyewahi kufikiria kutetemesha, ikakaa hewani muda mrefu, ikashuka taratibu kama kitu kinachowekwa chini kwa mara ya mwisho. Wanawake waliokuwa na vikapu walivitua. Bwana wa lakiri alivua kofia. Watu wakaanza kuja kutoka mitaa minne, na hawakupita kwa mtu yeyote kununua chochote.

Ng'ambo ya barabara, dukani kwake palipokuwa kimya ghafla, Bi Zawena alishika nguzo ya baraza. Kanga ilimteleza mabega yote mawili asijue.

"Kafundishwa na nani kulia hivyo?" alinong'ona. "Na mimi nilie na nini sasa?"

Na wivu, ambao ulikuwa umekaa upande mmoja wa mtaa kwa muda mrefu, ukavuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia.

Hadithi ndiyo hiyo, imeachwa barazani bila mnyororo. Anayeitaka na aichukue. Asisahau tu kusaini fomu.